Chawa wa Gayogayo

Tarehe 3 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na Mama pia. Mimi sijambo, ila usingizi umenikimbia.

Nina ombi, na ni wewe tu unayeweza kulitimiza. Unajua ninasomea vimelea vya samaki. Sasa Msimamizi wangu hapa chuoni amenipa gayogayo, wale samaki bapa wenye macho yote mawili upande mmoja, ambao huko kwenye ukumbi wenu wa minofu mnawakata kutwa bila kuwatazama usoni. Wapo wa aina mbili walio ndugu wa karibu mno: wa madoa na wa vumbi. Ninachotaka ni matamvua yao, yale majani mekundu ya kupumulia chini ya shavu, maana humo ndimo wanamokaa chawa ninaowasoma.

Fanya hivi. Chukua arobaini wa kila aina. Kata matamvua, tia ya kila samaki katika kichupa chake, jaza spiriti, bandika karatasi yenye aina na tarehe. Basi. Dereva wa gari la barafu atakuletea vichupa, na vikijaa atanirudishia. Barua pia mpe yeye, ana haraka kuliko posta.

Usihangaike kuchungua chochote. Wewe kata tu, kufikiri niachie mimi. Kila mtu na kazi yake.

Nikihitimu, jina lako litakuwa ukurasa wa kwanza. Mwambie Mama kwamba nikipata kazi hapa nitamleta aonwe na daktari wa kweli, si huyo wenu anayetoa vidonge vyeupe kwa kila ugonjwa.

Mdogo wako,
Profesa
(Au siku hizi hamniiti hivyo?)


Tarehe 19 Februari

Mdogo wangu Profesa,

Marahaba. Tunakuita hivyo bado, tangu siku ile ulipovaa miwani ya marehemu Baba ukiwa darasa la pili, ukagonga ukuta ukidhani ni mlango.

Vichupa arobaini hivi hapa, ishirini kwa ishirini. Vingine vitafuata. Mkuu wa Meza nilimwambia ni vya sayansi, akasema sayansi haina neno mradi isicheleweshe minofu. Tisa, yule anayekaa mkabala nami, aliyeachia mashine kidole kimoja, aliniona nimeinamia shavu la samaki akaniuliza, "Unamtafuta nani humo, mume?" Nikamwambia wapo, na hawa angalau wakishika nyumba hawatoki. Meza nzima ikacheka. Lakini nilikosea, kama utakavyoona.

Sasa nisikilize, hata kama umesema nisifikiri. Kichwa hakina swichi. Nimeazima kioo cha fundi saa, kile cha kubana jichoni, na nimewaona chawa wako. Wana umbo la kijiko kidogo, rangi ya maji yaliyooshea mchele, na majike huburuta nyuzi mbili za mayai kama mtu aliyetoka nyumbani hajafunga kamba za viatu. Kwa wa madoa wamejaa. Kwa wa vumbi wapo, ila wachache, tena hawajatulia. Mmoja yuko pembeni ya tamvua, mwingine yuko mdomoni kabisa, kama wageni ambao hawajaonyeshwa pa kukaa.

Nikajiuliza kwa nini. Wewe hujawahi kusimama botini wala ukumbini, kwa hiyo hujui masanduku yanavyopangwa. Gayogayo wa madoa ana ngozi kali kama msasa. Ukimlaza juu ya mwenzake wanachunana njiani, na aliyechunika hushuka daraja. Ndiyo maana tangu botini hupangwa kwa zamu: wa madoa, wa vumbi, wa madoa, wa vumbi. Wa vumbi ndiye godoro. Mkuu wa Meza anajivunia mpango huo kana kwamba alioteshwa.

Mimi naona hivi: chawa ni wa huyu wa madoa peke yake. Mwili ukipoa, chawa hufunga virago, na jirani wa kwanza wanayemkuta ni godoro. Jumanne bahati ililetea ukumbi sanduku la wa vumbi watupu, sitini. Nimewafungua wote sitini. Sikukuta hata mmoja. Liangalie hilo kabla hujaandika kitu.

Mama miguu imevimba. Kila jioni huuliza kama umegonga mlango. Namwambia ni upepo. Anasema basi upepo wa huku una adabu, hugonga mara tatu kama mwanangu.

Dada yako


Tarehe 2 Machi

Dada,

Shikamoo. Vichupa vimefika salama. Nimecheka sana hadithi yako ya chawa wanaofunga virago. Nilimsomea Msimamizi, naye akacheka mpaka akavua miwani, akasema una kipaji cha kusimulia na ungefaa redioni.

Lakini tuache utani. Chawa hawa hawahami hovyo. Kimelea na mwili wake ni kufuli na ufunguo, na juu ya hilo kuna vitabu vizito kuliko samaki wako. Kati ya wale wa vumbi ishirini ulionikatia, kumi na sita wana chawa yule yule wa ndugu zao wa madoa. Unajua maana yake? Samaki hawa walitoka kwa babu mmoja na wameachana juzijuzi tu, hata chawa wenyewe hawajapata habari kwamba nyumba imegawanyika! Hakuna aliyewahi kuonyesha jambo hili. Msimamizi aliposikia alisimama, na yule hasimami hata kwa mkuu wa chuo. Shahada yangu ya uzamivu iko hapo, dada, na nikiipata, nafasi ya kufundisha iko nyuma yake.

Kwa hiyo hao sitini watupu usiniletee. Sanduku moja la siku moja ni ajali. Nikatie waliopangwa kama kawaida yenu.

Jambo la pili. Nimeambatanisha karatasi ya nyumba. Mama aweke dole gumba pale nilipotia alama. Si kwamba namtakia mabaya, ila mimi ndiye mtoto wa kiume, na unawajua ndugu wa Baba msiba ukitokea. Nyumba ikiwa kwa jina langu hakuna atakayeigusa. Wewe utakaa humo mpaka mwisho wa siku zako, nani atakuuliza?

Miguu ya Mama iinue juu ya mto.

Mdogo wako


Tarehe 15 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Karatasi hii hapa. Mama aliuliza ni ya nini, nikamwambia ni ya Profesa. Akasema, "Basi wino usiwe kidogo." Akabonyeza pale ulipotia alama, halafu akabonyeza tena pembeni, isije ikawa moja haitakutosha.

Nilimsomea pia pale uliposema miguu iinuliwe juu ya mto. Alifurahi siku nzima. Kila jirani aliyepita aliambiwa, "Mwanangu ameagiza mto." Mto wenyewe ni ule wa kochi, lakini sasa hauruhusiwi kukaliwa na mtu.

Vichupa arobaini vilivyobaki viko katika boksi. Ni wa masanduku ya kawaida, godoro na mlaliaji wake, kama ulivyotaka. Habari za chawa sitakuletea tena. Umesema kweli, kila mtu na kazi yake. Tisa nilipomweleza alifuta kisu akasema, "Mtu akikukataza kufikiri, ujue amekaa juu ya kitu ambacho ukifikiri atalazimika kuinuka." Nikamwambia afunge mdomo akate samaki.

Nimenunua daftari la karatasi mia mbili, la mambo yangu. Jioni ni ndefu Mama akishalala.

Redioni sitaki, sauti yangu ni ya ukumbini.

Dada yako


Tarehe 20 Mei

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Tasnifu nimeimaliza, kurasa mia mbili na kumi. Nitaitetea mbele ya jopo tarehe 9 Julai. Nikishinda, mimi ni daktari wa falsafa na kazi ni yangu. Nikishindwa, miaka sita imekwenda na maji, na sina umri wa kuanza upya.

Kuna tatizo dogo. Katika jopo yumo bibi mmoja mstaafu, wanafunzi wanamwita Bibi Maswali. Ameshawarudisha nyumbani watu wanne. Yeye ameandika pembeni ya ukurasa wangu wa thelathini: "Samaki hawa walihifadhiwaje baada ya kuvuliwa?" Hayo tu. Najua wewe ulikuwa na ile hadithi yako ya masanduku. Hadithi si ushahidi, lakini bibi huyu akiisikia ataing'ang'ania kama mbwa na mfupa.

Kwa hiyo niandikie barua rasmi, kwa mwandiko mzuri: kwamba kila samaki alitiwa katika mfuko wake peke yake tangu alipotoka wavuni, na hakugusana na mwingine mpaka ulipomkata. Weka sahihi na cheo chako. Andika "Mtaalamu wa Ukataji", inapendeza.

Kwenye shukrani nimekutaja: "msaidizi wa ukumbini". Msimamizi ameshauri majina yasiwe mengi.

Nakuomba na jingine. Siku hizi hamsini sitaki chochote cha kunivuruga. Habari yoyote ya nyumbani, iwe ya ugonjwa, iwe ya ugomvi, iwe ya nini, usiniletee kabla ya tarehe 9 Julai. Yoyote. Wala ndugu wasinipigie simu. Ukinipenda utanielewa.

Mdogo wako


Tarehe 2 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilinifikia tarehe 24. Ile rasmi uliyoagiza hii hapa, nimeinakili mara tatu mpaka wino ukakaa sawa. Kila samaki katika mfuko wake, hakugusana na mwingine, Mtaalamu wa Ukataji. Nilimsomea Tisa. Akasema kama kila gayogayo angepewa mfuko wake, basi angekuwa na heshima kuliko sisi, maana sisi aproni moja tunavaa wawili kwa zamu.

Umeagiza habari za nyumbani zisije. Haziji. Mimi nikiambiwa kata, nakata.

Nitakuambia mengine, basi, yasiyovuruga. Nyumba imetulia. Ule mto umerudi kwenye kochi na watu wanaukalia. Tisa alikuja akalala hapa siku tatu, na sikujua mwanamke wa vidole tisa anaweza kukoroma kwa vidole kumi. Baba mdogo alifika, akakaa, akaondoka. Barua yako nimemsomea. Jioni upepo hautusumbui tena.

Soma kwa bidii. Usitazame nyuma.

Dada yako


Tarehe 10 Julai

Dada,

Nimeshinda!

Saa tatu na nusu nilisimama mbele yao. Bibi Maswali hakuuliza hata swali moja. Aliishika barua yako, akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena, kisha akaikunja na kuitia mkobani mwake. Nadhani mwandiko ulimvutia. Msimamizi alinipa mkono mbele ya watu wote. Kuanzia leo mimi ni Daktari, na nafasi ya kufundisha nimepewa, pamoja na nyumba ya chuo ghorofa ya pili, vyumba viwili, maji ya bomba ndani. Mwambie Mama. Mwambie polepole asije akaruka na miguu yake ile.

Sasa mipango. Nyumba ya huko nimempata mnunuzi, na tumeshakubaliana. Ataingia tarehe 1 Agosti. Usishtuke. Nimefikiri kwa niaba ya wote. Mama nitamchukua, chumba cha pili ni chake. Wewe utapata chumba karibu na ukumbi. Mtu mwenye kisu na mikono miwili hakosi pa kulala. Ukweli ni kwamba ile nyumba ilikuwa inakupa uvivu wa kutafuta maisha yako, na mimi sipendi kuona mtu mzima ananing'inia kwenye nyumba ya mamaye kama kupe.

Nitakuja mwisho wa mwezi kumchukua Mama. Mfungashie vitu vichache.

Dk.


Tarehe 18 Julai

Daktari,

Safari hii hukuniamkia, kwa hiyo sina cha kuitikia. Hongera.

Tarehe 9 imepita, sasa ninaruhusiwa. Mama alifariki tarehe 27 Mei, Jumatano, kabla ya adhuhuri. Tulimzika kesho yake.

Nitakueleza kwa mpangilio, maana wewe ni mtu wa mpangilio. Barua yako ya katazo ilifika Jumapili, na Mama alikuwa ameshaacha kula tangu Ijumaa. Alikuuliza Jumapili, akakuuliza Jumatatu. Dereva wa barafu alikuwa mlangoni, injini inanguruma, akaniambia, "Niandikie hata mstari mmoja nimpelekee." Nikamwambia umekataza. Ndugu walitaka kukupigia simu. Niliwasomea barua yako, kituo kwa kituo, na nilipofika penye neno "yoyote", Baba mdogo akaomba nirudie. Nikarudia. Akasema, "Basi aachwe asome." Ndivyo ukoo mzima ulivyokuacha ukasoma.

Usidhani najitakasa. Ningeweza kukuita. Kalamu ilikuwepo, na wino wa dole gumba ulibaki nusu chupa. Sikutaka. Nilitaka siku moja upate kile ulichoagiza, kamili, bila kupunguzwa. Kwa hiyo Jumanne jioni nilimwambia Mama uko njiani. Akaniambia nimkalishe, akageuza shingo kuelekea mlangoni, na tangu hapo hakutazama upande mwingine. Shingo ile ilitupa kazi wakati wa kumwosha.

Hilo ni la kwanza. La pili ni chawa.

Lile daftari la karatasi mia mbili ni lao. Kuanzia Machi, kila nilipopata nafasi wakati wa chai, nilimlaza gayogayo wa madoa kwenye sinia kando ya wa vumbi aliyetoka wavuni peke yake, nikawafunika kitambaa kibichi. Huyu wa vumbi nilimkagua kwanza kwa kile kioo cha fundi saa. Watupu wote. Chai ya ukumbini ni dakika ishirini. Tukirudi, safari imeanza. Unawaona kabisa kwa macho: chawa anatoka chini ya shavu, anasimama ukingoni kama mtu anayetazama kama mvua imekatika, kisha anavuka. Siku nyingine wanatoka wanane na kufika sita, wawili wanakaukia njiani. Nimefanya hivyo mara arobaini na nne. Tarehe zimo, hesabu zimo, na kidole gumba cha Tisa kimo kila ukurasa kama shahidi. Ni cha mkono ule ule uliopoteza mwenzake, hana mchezo nacho.

Chawa wako hajui habari za ndugu walioachana juzijuzi, Daktari. Anajua tu kwamba mwenyeji amepoa.

La tatu. Yule Bibi Maswali hakuvutiwa na mwandiko. Ameniandikia, kwa anwani ya ukumbi, barua ya tarehe 12. Ni mistari mitatu: "Mama, umeeleza kwamba kila samaki alitiwa katika mfuko wake. Naomba kujua mifuko hiyo ilikuwa ya rangi gani, na nani botini aliyekuwa akiifunga." Nimefanya kazi ukumbini miaka kumi na tisa na sijawahi kuulizwa swali zuri namna hiyo. Sijamjibu. Bahasha ya majibu iko mezani, na daftari liko kando yake.

Umeniita kupe. Sawa. Mwili niliokuwa nao umepoa, na nyumba umeiuza. Kile chumba cha pili ulichomwandalia Mama, Mama hakihitaji. Nitakuja kukikaa mimi, nipike, nifue, ninyamaze. Nijibu.

Dada yako


Tarehe 22 Julai

Shikamoo dada yangu mpenzi,

Nimepokea barua yako. Nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nikakaa. Juu ya yale uliyonitendea sitasema neno, nimekuachia mwenyewe na dhamiri yako.

Tufanye haraka. Bibi Maswali usimjibu, hata salamu. Nimeambiwa jopo halitii muhuri wa mwisho mpaka tarehe 15 Agosti, na mpaka hapo mjumbe yeyote anaweza kuinua mkono. Ikipita siku hiyo, hata akipiga kelele ni kelele za mstaafu. Daftari njoo nalo mwenyewe, lote, usimpe Dereva wala usiliache kwa yule mwenzako wa vidole tisa. Je, kuna nakala? Kuna mtu mwingine aliyeliona? Mkuu wa Meza anajua? Niandikie ukweli.

Chumba cha pili ni chako, karibu sana. Kina dirisha la mashariki na kabati la ukutani. Nimeshatoa vitabu vyangu humo. Nitakununulia kitanda kipya. Ufunguo nimeuacha kwa mlinzi wa lango, mwambie wewe ni dada wa Daktari na atakubebea mzigo. Panda gari la Ijumaa, Jumamosi asubuhi uko hapa. Ukitaka, jina lako nitalirudisha kwenye shukrani, lote, pamoja na cheo.

Daftari usilisahau.

Mdogo wako akupendaye,
Profesa


Tarehe 29 Julai

Profesa,

Marahaba. Naona shikamoo imerudi, imerudi na jina la utotoni limeishika mkono.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma kama dada, ya pili kama mkataji, ya tatu nikiwa na kile kioo cha fundi saa jichoni. Daftari limo mara mbili. Kitanda kimo, kabati limo, dirisha limo na upande linakotazama. Nilipofika mwisho nikageuza karatasi, labda umeandika nyuma. Nyuma palikuwa peupe.

Nitakuambia sasa nilichokuwa nimekificha. Sikuwa na nia ya kuja. Mimi nisipokata samaki mikono inaniwasha, na ngazi siziwezi. Nilikuandikia vile nione utaniuliza nini. Tisa tuliwekeana naye neno, mezani, mbele ya samaki: ukiuliza Mama amezikwa wapi, au alisema nini mwisho, au hata alivaa nini, basi daftari naliingiza kwenye jiko lake yeye mwenyewe akishuhudia, na udaktari wako ukae nao mpaka uzeeke. Swali moja tu. Umeuliza maswali matatu, na yote ni ya chawa.

Bahasha ya Bibi nimeitia posta asubuhi hii, kwa rejista, pamoja na daftari. Nimemweleza kwamba mifuko haikuwa na rangi kwa kuwa haikuwepo, kwamba barua ile ni ya uwongo, na mwongo ni mimi, kwa agizo. Kama hilo lina adhabu, anwani yangu anaijua. Nimemwandikia pia jinsi ya kulaza samaki kwenye sinia, ajaribu mwenyewe. Nilimwonya tu asinywe chai zaidi ya dakika ishirini, wakishavuka huwezi tena kujua nani alikuwa wa nani.

Nimepata kibanda nyuma ya ukumbi, kando ya mashine ya barafu. Inanguruma usiku kucha lakini haina maneno. Mto nimeuchukua. Nyumba nimeifagia mpaka kona. Mnunuzi amekuja leo kupokea funguo, mtu mpole, ana mke na mtoto mchanga. Nimemwonyesha bomba linalovuja na dirisha linalokwama. Kisha nimemwambia kwamba mlango huo siku moja jioni huenda ukagongwa, mara tatu, kwa adabu.

Asihangaike kufungua, nimemwambia. Ni upepo.

Dada yako